Umbali wa Mboni Mbili

Kasongo, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Shangazi Rachida,

Barua hii ikukute na afya huko Wamaza, wewe na binti yako Sifa, mkwe wako mwalimu Magloire na mjukuu Sarah-Grâce. Sisi hapa tunaendelea. Baba anakohoa kila asubuhi, ila akiona sahani ya wali kikohozi kinampita. Anakuulizia kila mara Abdoul, anayetubebea barua, anapoegesha pikipiki yake mbele ya duka langu. Tangu msiba wa mwezi wa kumi na mbili mke wangu hamsahau Sifa katika dua zake. Mwambie mtoto aliyemzika huko ni wetu sote.

Sasa tuje kwenye miwani. Abdoul alinieleza kwamba ulianguka na ile ya zamani ikavunjika vipande. Nilisikitika, ingawa yenyewe haikutengenezwa kwa macho yako. Ilikuwa ya kupewa tu. Safari hii nataka upate ya kwako. Ile karatasi waliyokuandikia waganga wa macho walipopita hapa mjini nimeitunza, na jana nilifungua duka la mtandaoni linalouza miwani. Nikajaza: jicho la kuume kasoro tisa, la kushoto kasoro nane na nusu. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka wakaniuliza umbali kati ya mboni zako mbili, kwa milimita. Waganga hawakuuandika, na bila huo duka halipokei kitu.

Wana haki ya kuuliza. Kioo chako kitakuwa kinene, na panapoonyesha vizuri ni katikati yake. Pale katikati lazima pakae mbele ya mboni. Pakikaa pembeni, miwani itayavuta macho yako huku na huku, na kichwa kitauma.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kaa mahali penye mwanga. Sifa akae mbele yako, urefu wa mkono, na rula ya mwalimu aiweke juu ya pua yako, chini ya nyusi. Afumbe jicho lake la kuume, aweke sifuri katikati ya mboni yako ya kuume. Kisha, bila kuisogeza rula, afumbe la kushoto na asome namba iliyo chini ya mboni yako ya pili. Basi. Niandikie namba hiyo, mengine niachie mimi.

Nakushika mikono yote miwili,
Iliasi


Wamaza, tarehe 8 mwezi wa tatu 2024

Mwanangu Iliasi,

Nimefurahi kwamba mko wazima. Mwambie kaka yangu kikohozi cha asubuhi dawa yake ni kuamka mapema, kama wanavyoamka wenzake. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri, karanga zimeota, Magloire amepewa darasa lenye watoto wengi kuliko mabenchi. Sarah-Grâce sasa anaongea mpaka usingizini, na Kibangubangu chake kimenizidi mimi niliyezeeka nacho. Sifa anawasalimu wote.

Barua yako niliisoma pua ikigusa karatasi, maana kwa karibu hivyo Mungu hakuninyima. Ni mbali ndiko kulikojaa ukungu. Juzi nilimsalimia mbuzi wa jirani yetu Célestine, nikamuuliza habari za watoto wake. Alinijibu kwa heshima kuliko vijana wengi wa siku hizi.

Kuhusu kuanguka, niliteleza njiani, hakuna hadithi.

Namba yako hii hapa: hamsini na mbili. Nilijipima mwenyewe kwenye kioo cha ukutani, nikiwa nimekisogelea mpaka pumzi inakitia mvuke. Nilipima vizuri. Usinicheleweshe, mwanangu, maana siku hizi siendi kisimani kwa sababu ya lile gogo la kuvukia mtoni. Mtu akinisaidia mara mbili naona haya ya mara ya tatu.

Akubariki Mungu na mkeo,
Shangazi yako Rachida


Kasongo, tarehe 27 mwezi wa tatu 2024

Shangazi,

Tumecheka sana habari ya mbuzi. Baba amesema angalau umepata wa kukusikiliza. Tuko wazima, ila mto umejaa na samaki wa Nyangwe wameadimika hapa sokoni.

Shangazi, hamsini na mbili ni ya mtoto wa shule. Nimempima mke wangu nikapata sitini, yeye mwenye uso mdogo kuliko wako. Kosa ni la kioo. Ukikisogelea hivyo, macho yanajikusanya upande wa pua, na namba inapungua. Wewe kwa mbali huoni, kwa hiyo kioo hakitakusaidia kamwe. Lazima akupime mtu mwingine.

Mbona Sifa hakukupima? Ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchambua majani ya sombe. Na kama ana shughuli nyingi, si mwalimu Magloire yupo? Mtu anayepiga mistari ya madaftari ya darasa zima hawezi kushindwa na milimita. Ukae, akae, akupime, mwisho.

Nangoja,
Iliasi


Wamaza, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

Iliasi,

Hatujambo. Karanga tumezing'oa, muhogo uko majini, Sarah-Grâce alikuwa na homa imepita. Nakusalimia na wote wa nyumba ya kaka yangu.

Nimekusamehe kwa sababu umezaliwa mjini. Nyinyi huko Kasongo mnakula na wakwe sahani moja, mnacheka pamoja, mnaitana kwenye simu. Huku nilikoolewa, na nilikomwoza binti yangu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe machoni. Magloire akija njia hii, mimi natoka njiani. Nikiwa uani, anakohoa kule kwenye migomba nijiondoe. Chakula changu kinaletwa na mtu mwingine. Miaka yote niliyokaa hapa kwake tangu nifiwe na mume wangu, sura yake naijua kwa kukisia. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu na yangu kwake, na ni heshima nzuri, maana hatujawahi kugombana. Leo unaniambia akae mbele yangu urefu wa mkono, anichungulie mboni?

Na kwa kuwa unapenda kujua kila kitu, hivi ndivyo nilivyoanguka. Nilimwona mtu anakuja, nikamtambua ni yeye akiwa karibu mno, nikaruka kando ya njia kumpisha. Kando palikuwa na korongo. Alisimama juu pale akiwa ametazama pembeni, akaita, "Mama, umeumia? Niite nani?" Hakuthubutu kunishika mkono. Célestine ndiye aliyekuja kunitoa.

Huyo huyo Célestine amenipima jana. Alihesabu mistari ya rula kwa ukucha, tukicheka mpaka rula ikaanguka mara kadhaa, akapata sabini na moja. Macho yake na yangu ni ndugu, lakini ndiyo namba aliyoipata. Sasa wewe ni mtu wa soko. Muuzaji akisema yake na mnunuzi yake, si watu hukutana katikati? Chukua ya katikati, tumalize.

Sifa yuko shamba la mbali, ndiyo maana hakunipima.

Shangazi yako


Kasongo, tarehe 10 mwezi wa tano 2024

Shangazi,

Nimekuelewa kuhusu mwalimu, na naomba radhi. Baba alipoisikia barua yako alinikaripia, akasema angekuwa na nguvu angenichapa kwa niaba yako.

Nimefanya ulivyosema. Hamsini na mbili na sabini na moja, katikati yake ni kama sitini na mbili, nayo inafanana na namba ya mtu mzima. Miwani imeagizwa. Itapita Goma, kisha itangoja ndege au lori, tutaona kipi kitatangulia.

Jambo moja tu. Sifa alikuwa haachi barua yako ipite bila kuandika mstari wake wa utani pembeni, kuniuliza kama nimenenepa. Sasa ni barua mbili, hata nukta hakuna. Mwambie sijanenepa.

Iliasi


Wamaza, tarehe 19 mwezi wa saba 2024

Mwanangu Iliasi,

Abdoul ameileta miwani salama, imefungwa kama yai. Mungu akuongezee. Ni nzuri, nyepesi, fremu yake ni ya rangi ya kahawa ninayoipenda, na watu wote wameisifu. Naona vizuri sana. Naiweka ndani ya kitambaa isichakae, naitoa penye haja. Nimemaliza habari ya miwani, usisumbuke tena na jambo hili.

Huku ni kiangazi, vumbi tupu. Magloire anafyatua matofali wakati huu wa likizo. Sarah-Grâce amejifunza kufunga kanga kiunoni na ananiamrisha kama mke wa chifu. Sifa hajambo.

Wasalimie wote. Mwambie kaka yangu namwota.
Rachida


Kasongo, tarehe 6 mwezi wa nane 2024

Shangazi yangu,

Leo sina habari za nyumbani isipokuwa kwamba wote ni wazima. Nakuandikia nikiwa na uchungu, na sitaki kuuficha.

Nilimuuliza Abdoul kama umeipenda miwani. Alijaribu kuzunguka, kisha akasema, "Patron, mama haivae. Anasema dunia inamuvuta macho. Alijaribu siku ya kwanza, akatapika. Sasa anatembea mukono kwa ukuta." Ile namba ya katikati ilikuwa ujinga wangu. Bei hukutana katikati kwa sababu watu wawili wamekubaliana, lakini mboni hazikukubaliana na mtu. Makosa mawili nimeyagawa nusu, nikapata la tatu.

Halafu nikamuuliza habari za Sifa, kwa kuwa wewe kila barua unamweka penye mstari wa mwisho. Akainama kukagua tairi. Mwishowe akasema kwamba Sifa yuko Salamabila, anawapikia wachimbaji wa dhahabu maharagwe, na yuko huko tangu kabla ya barua yangu ya kwanza. Kwa hiyo nilikuwa namtuma mtu asiyekuwepo akushikie rula.

Sijamwambia Baba. Lakini kwa nini ulinificha mimi? Njoo Kasongo. Nitamtuma Abdoul akubebe polepole, nikupime mwenyewe hapa mlangoni, ukae na sisi. Hapo hukai kwa mwanao tena, unakaa kwa mwanaume ambaye hamtazamani. Duka limekubali kubadilisha vioo, lakini wanataka namba ya kweli.

Kama hutaki kuja, kuna jambo ambalo sikukueleza vizuri. Nimeyasoma maelekezo yao upya. Anayepimwa hatakiwi kumtazama anayempima. Anatazama mbali, juu ya bega la mwenzake, asiyahamishe macho. Na anayepima anatazama rula na duara jeusi la mboni, hatafuti macho ya mtu. Mpaka kazi iishe, hakuna aliyemtazama mwenzake. Fanya unavyoona.

Iliasi wako


Wamaza, tarehe 1 mwezi wa tisa 2024

Iliasi, mwanangu,

Barua yako nimeilalia siku nyingi. Unastahili kuuliza.

Ulikuja kwenye mazishi, ulimwona Sifa. Hakulia. Watu walikuja na mikeka yao wakakaa wakimtazama kama atalia, na kadiri walivyomtazama ndivyo alivyozidi kukauka. Magloire naye alirudi shuleni siku ile ile mikeka ilipokunjwa, hakuligusa jina la mtoto hata mara moja. Si ubaya, ni kuogopa. Mwezi ulipoisha Sifa aliniambia, "Mama, ndani ya hii nyumba sipumui," akamwacha Sarah-Grâce mgongoni kwangu akapanda pikipiki.

Sikusema kwa sababu namjua kaka yangu. Akisikia binti yetu amekaa peke yake kwenye machimbo, atamwita Kasongo, na akishamwita ndoa imekwisha. Na mimi nikipanda pikipiki ya Abdoul na mjukuu mgongoni, Magloire atakuwa ameachwa na mke na mkwe, na ndugu zake hawatangoja msimu mwingine kumletea mwanamke. Kwa hiyo nimekaa. Nimekaa mahali pa mwanangu ili pasikaliwe na mtu. Kwa mtu asiyeona mbali, kukaa ni kazi ninayoiweza.

Sasa sikia. Jumapili Magloire alikohoa kule kwenye migomba, nikaanza kuinuka. Badala ya kuinuka mpaka mwisho nikamwita. Nikampa barua yako, kipande kile cha maelekezo, nikageuka upande. Alikisoma polepole kimwalimu, akasema, "Mama, we utatazama mulima. Mi nitatazama late tu." Late ndiyo rula, huku wanaiita hivyo.

Tulikaa uani mchana kweupe, Célestine akiwa shahidi pale mlangoni pake, asije mtu akasema maneno. Niliutazama mlima ambao siuoni. Rula ikatua juu ya pua yangu. Nilisikia pumzi yake, nikajua alikuwa anaibana kama anayepita na maji kichwani. Akasema, "Makumi tano na saba." Akarudia mara ya pili, akapata ile ile.

Lakini hakuiondoa rula. Akiwa ameishika vile vile, akasema, "Mama, najua Sifa iko Salamabila. Naogopa kumufuata. Akikatala mbele ya watu, itakuwa imeisha." Mimi nikiwa bado nautazama mlima, nikamjibu kwamba mkwe hatumwi kumfuata mke aliyeondoka na huzuni, hiyo ni kazi ya mama, na mama akipata macho atakwenda. Alisema, "Aksanti, Mama," akaenda zake kwa matofali yake. Nilibaki pale nimekaa, nikalia mpaka Célestine akaja kunifuta.

Hamsini na saba, Iliasi. Usiikosee.

Mama yako wa upande wa baba,
Rachida


Kasongo, tarehe 20 mwezi wa tisa 2024

Shangazi,

Nimeiandika hamsini na saba, nikamwita mke wangu aisome kabla sijabonyeza. Vioo vipya vimeagizwa kwa fremu ile ile ya rangi ya kahawa.

Nisamehe kwa maneno ya "mwanaume ambaye hamtazamani". Nimeyasoma tena kichwani nikaona aibu. Msalimie mwalimu, kwa njia yoyote mnayosalimiana.

Kwa Baba nimesema tu kwamba ukipata miwani utakwenda safari fupi. Akasema, "Dada yangu akikaa fasi moja, iko sababu. Akitoka, iko sababu pia. Wacha kumuulizauliza." Nafikiri anajua zaidi ya tunavyodhani, na kwamba amenyamaza kwa makusudi.

Ukivaa, anza ukiwa umekaa. Ikikuvuta macho hata kidogo, ivue, uniambie ukweli safari hii.

Iliasi


Salamabila, tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 2024

Iliasi wangu,

Nakuandikia kutoka Salamabila, nikiwa kwenye chumba cha Sifa. Karatasi iko juu ya meza na kichwa changu kiko mahali pake. Miwani haivuti. Ulisema nianze nikiwa nimekaa. Nilikaa, nikavaa, nikasimama mwenyewe. Niliona gogo la mtoni lina magome ubavuni. Nilimwona Magloire akija kutoka mbali kabisa, nikatoka njiani polepole, bila kukimbia, naye akapita akinisalimia huku ametazama migomba. Ana mvi, maskini, na umri wake ule. Sikujua. Nilimwacha Sarah-Grâce kwa Célestine, nikapanda nyuma ya Abdoul.

Abdoul alinishusha pale barabara inapopanuka, pikipiki nyingi, vijana wenye matope mpaka kifuani, muziki kila mlango. Aliniambia Sifa anauzia upande wa pili. Nilitupa macho ng'ambo, nikamwona. Iliasi, nilimwona mwanangu kutoka ng'ambo ya barabara. Maisha yake yote nilikuwa namjua akiwa mbali kwa kanga yake na mwendo wake tu. Sikujua kwamba ana uso hata akiwa mbali.

Naye aliinua kichwa akaniona. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Hakuita wala hakunikimbilia, kwa sababu alidhani simwoni. Miwani kwangu si kitu kipya kwake, na ile ya kupewa haikuwahi kunionyesha mtu kwa mbali. Tangu utoto wake ndiye aliyekuwa akinishika mkono sokoni. Kwa hiyo alisimama pale akijua yuko peke yake, na mimi nikamwona. Amekonda. Aliziba mdomo kwa pembe ya kanga, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka, yale ambayo watu waliyangoja kwenye mikeka wasiyapate. Alipiga hatua moja kuja kwangu. Kisha akarudi nyuma ya nguzo ya kibanda.

Jina lake lilikuwa limeshafika kooni, nikalimeza. Nilifikiri, mwaka mzima huyu mtoto ametazamwa. Nikimwita sasa atajipangusa na kuwa mkavu tena. Nikageuza uso taratibu kama nilivyozoea, nikanyoosha mkono mbele kutafuta njia, nikamuuliza mama mmoja wa ndizi kwa sauti, "Sifa wa Wamaza anauzia wapi?" Nilisimama nimetazama upande usio wake, na nilisimama muda mrefu, maana nilitaka aamue mwenyewe, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa gogo lolote.

Mkono ukanishika hapa juu ya kiwiko. "Mama, ni mie," akasema. "Unanitafuta upande mwingine."

Nikashtuka, nikamwambia, "Sifa? Ni wewe kweli?" Nikampapasa uso kwa vidole. Ulikuwa umelowa, nikasema ni jasho la moto wa sufuria, naye akasema ndiyo.

Kesho kutwa Abdoul atatubeba sote wawili. Sifa anasema anakuja kumwona Sarah-Grâce tu, na mimi nimemjibu sawa, kwani njia ni moja na mlango ni ule ule. Mengine ni yake na Magloire, mimi nitajiondoa uani.

Ameniuliza kama miwani hii mpya inasaidia. Nimemwambia inasaidia kidogo, kwa vitu vya karibu. Nawe ukimwandikia, usimwambie kwamba nilimwona.

Shangazi yako,
Rachida